Foleni ya Dishi na Sauti ya Billow

Kadar ndiye aliyetaka wazee watangulie. Namtaja mapema kwa sababu kila nikiisimulia habari hii mbele yake hukohoa na kuangalia pembeni, kana kwamba mashine ilijipangia yenyewe.

Hapa Takaba mlingoti wa simu ulikufa zamani, na mafundi wake hawaji kwa kuiogopa barabara. Tulichobaki nacho ni dishi la setilaiti juu ya paa la duka la Kadar, anamouza mchele, mashuka na betri za tochi. Kutoka kwenye dishi hilo tunausambazia mji mtandao: shule, zahanati, maduka, na simu ya kila mwenye ndugu ng'ambo, yaani kila mtu. Mimi ndiye fundi wake. Naitwa Fartun, mtoto wa Garissa. Kisomali changu cha Garissa na maneno ya watu wa Takaba vinapishana njiani, kwa hiyo mambo ya kazi tunasemezana Kiswahili, kila mtu na chake.

Kati ya dishi na mji nimeweka kompyuta ndogo ya Linux, haizidi sahani ya chai. Ina milango miwili ya waya, mmoja unatazama dishi na mwingine unatazama mji, na nimeiunganisha kwa daraja. Mtandao wote wa Takaba unavuka juu ya daraja hilo bila kujua kwamba lipo. Faida yake ni kwamba hapo unaweza kupanga foleni. Kushusha vitu kutoka angani, dishi letu si baya. Taabu iko kwenye kupandisha. Njia ya kwenda juu ni nyembamba, na watu wakituma video kwa pamoja dishi huzilundika tumboni mwake, na salamu ya mtu mmoja ikakaa nyuma ya sinema ya mwingine.

Kwa hiyo niliiambia kompyuta yangu ipandishe kidogo chini ya uwezo wa dishi, ili foleni isimame kwetu tunakoiona, isisimame ndani ya dishi ambako hakuna wa kuiamuru. Mara ya kwanza niliifunga foleni hiyo kwenye daraja lenyewe, ikawa kazi bure, data ikapita kama sijafanya kitu. Nikaihamishia kwenye mlango unaotazama dishi, pale inapotokea, ikashika. Siku hiyo nilifurahi mpaka nikajipikia anjera na mayai, mimi ambaye jikoni huniita mgeni.

Ndipo Kadar akaja na heshima zake.

"Foleni ni sawa," alisema. "Lakini mzee akae nyuma ya mtoto anayetazama mpira? Mimi nitaweka uso wangu wapi?"

Nikamwambia mtandao haujui ndevu. Akaniambia mimi nazijua. Tulibishana hadi wateja wakaacha kununua wakabaki kusikiliza, na mwishowe nikaandika alivyotaka kwa sababu dishi ni lake. Simu za wazee zikapita kwanza. Zikafuata za maofisi na maduka. Nyuma kabisa wakawa wengineo, maana yake vijana, wanawake wote na mimi mwenyewe. Wazee hawakuambiwa. Kadar aliona heshima ikitangazwa inapungua.

Wa kwanza kabisa kwa hao wazee alikuwa Warfa, mkubwa wa soko la ngamia. Kaka yake Warfa ni Billow, na sasa nafika kwenye habari yenyewe.

Billow alikuwa India, amelazwa, na mkewe Weris alikuwa naye. Koo lake lilikuwa na uvimbe mbaya. Madaktari wa huko walimweleza bila kuzungukazunguka kwamba watauondoa ugonjwa, na sauti itaondoka pamoja nao. Upasuaji ulipangwa Jumamosi asubuhi. Binti yake Ruweyda alikuwa amechumbiwa na Abdimalik, mwalimu wa hesabu, kabla hata koo halijaanza kuuma. Billow akaomba jambo moja tu, nikahi isomwe Ijumaa na amwozeshe binti yake mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa simu.

Sheikh Mowlid alikubali, ila si mtu wa mzaha. "Lazima asikie ninachomsomea, na sisi tumsikie," alisema. "Na Abdimalik apokee papo hapo, pasipo neno kupotea katikati." Ikishindikana, Warfa angesimama kama wakala wa kaka yake, na ruhusa Billow alishaituma kwa ujumbe. Kwa hiyo ndoa yenyewe haikuwa na wasiwasi. Ruweyda angeolewa tu. Wasiwasi ulikuwa sauti ya baba yake.

Alinijia Alhamisi, mikono imejaa hina mbichi, akasukuma mlango wa duka kwa kiwiko.

"Abaayo Fartun, mimi nataka aseme yeye," alisema. "Adeer Warfa ana sauti leo, keshokutwa pia anayo. Aabo keshokutwa hana."

Nikamwahidi. Sisi watu wa mitandao hatupaswi kuahidi kitu, tunajuana na mashine zetu. Lakini mtu akikutazama namna ile, utamwambia nini? Utamsomea hali ya hewa?

Ijumaa alasiri ua wa Billow ulifurika. Masufuria ya nyama yalikuwa motoni, wanaume wamekaa kwenye mikeka, na sisi wanawake tumo chumbani nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa na laptopu mapajani, naiona kompyuta ya daraja kule dukani. Simu ya Ruweyda ilipelekwa nje ikawekwa mbele ya sheikh, kipaza sauti wazi, bila picha ili tusiibebeshe njia mzigo wa bure. Weris akapokea kule India. Kisha tukamsikia Billow akitoa salamu. Sauti ilikuwa imekwaruzika vibaya, lakini ni yeye. Ruweyda alifumba macho.

Sheikh akaanza kumsomea maneno ili ayafuate. Akasema la kwanza, akangoja. Kimya. Akafikiri hakusikika, akalirudia. Kumbe lile la kwanza lilikuwa bado linapanda. Likamfikia Billow limechelewa, akalijibu, na jibu lake likamkuta sheikh katikati ya kurudia, wakagongana. Wakanyamaza wote wawili, wakaanza tena wote wawili. Billow akalazimika kupaza sauti. Kikohozi kikamshika, na ua mzima ukakaa kusikiliza mtu anakohoa mbali, hatuna la kumfanyia.

"Hatuwasikii!" Weris alilia. "Mnasema nini? Anasema na nani? Hatuwa—"

Ikakatika.

Sheikh Mowlid alifuta uso kwa kilemba. "Daktari amemkataza kusema sana," alisema, na hakusema kwa ukali. "Tutapiga mara moja tena. Ikiwa hivi, namwachia Warfa. Si haki kumtesa mgonjwa."

Nikaangalia foleni kwenye mlango wa dishi. Ya wazee ilikuwa imefura. Simu moja ilikuwa ikipandisha tangu asubuhi bila kupumua, imekula karibu njia yote, na ilikuwa ya Warfa. Simu ya Ruweyda, iliyobeba nikahi ya watu, ilikuwa huko chini kwa wengineo, pamoja na watoto wa mpira. Niliona haya. Halafu haya zikageuka hasira, maana mimi hasira ndiyo iliyo karibu.

Kadar alikuwa amekuja hadi kwenye pazia, ananong'ona. "Mpandishe huyo msichana kwa wazee, basi."

"Nikimpandisha atasimama nyuma ya Warfa. Humo ndani ni mstari mmoja, aliyetangulia ametangulia."

"Basi Warfa azime simu."

"Nenda kamwambie."

Akaangalia viatu vyake. Nilijua. Kadar anaweza kumpangia mzee heshima ambayo hakuiomba, lakini kumwambia mzee neno moja lililonyooka, ulimi unamganda. Nikafunga shungi langu vizuri, nikachukua laptopu, nikatoka nje mbele ya wanaume wote. Maneno makali nilikuwa nimeshayapanga.

Warfa alikuwa amekaa langoni, mbali na wenzake, ameishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la maziwa lililojaa.

"Adeer," nikasema, "unatuma nini tangu asubuhi?"

Hakuudhika. Alisogea nikae, akanionyesha. "Hii fideo yote ni ya Billow."

Alikuwa amempigia kaka yake picha za kila kitu. Ngamia mmoja baada ya mwingine, akitaja jina la kila mmoja. Masufuria, na mvuke wake. Mlango wa nyumba, unafunguliwa na kufungwa, ili aone kwamba bawaba imetengenezwa. Wageni walipoingia langoni aliwasimamisha mmoja mmoja, watu wazima na fimbo zao, wakaangalia simu na kumwambia Billow assalaamu alaykum, Mungu akuponye. Kuna mzee mmoja aliyesahau la kusema akabaki kupunga mkono tu, muda mrefu, na Warfa hakumkata.

"Asubuhi wanachukua yeye," Warfa alisema. "Weris anasema simu wanazima. Nataka aone kabla. Kila mtu aliyeingia hapa mimi nimebiga bicha. Akiamka kule ndani hana sauti, basi ajue harusi ya mtoto wake yeye alikuwa hapa."

Yale maneno yangu makali sijui yalienda wapi. Nilikaa pale na laptopu yangu nikijiona mjinga. Nilikuwa nimemfikiria mzee anajionyesha kwa watu mtandaoni, kumbe kilichoiziba sauti ya Billow ni mdogo wake anavyompenda.

Ikabidi nimwambie. Nilimweleza polepole kwamba njia ya kwenda juu ni nyembamba, na video zake zimeijaza, na ndiyo maana maneno ya sheikh yanafika India yamechelewa. Uso wake ulibadilika. Kidole gumba kilikwenda moja kwa moja kuzima. Kisha kikasimama juu ya kioo.

"Nikizima, zitafika kwake kabla ya asubuhi?"

"Zote hazitafika."

Alifikiri. "Basi sauti kwanza," akasema. "Nazima."

"Ngoja, adeer. Sauti ni kitu kidogo, haitaki nafasi kubwa. Ingeweza kupita katikati ya video zako na zisisimame. Tatizo ni kwamba wewe umewekwa mbele."

"Mbele ya nani?"

Nilimtazama Kadar, aliyekuwa amesimama nyuma yetu. Kadar akajikuna shingo. "Ilikuwa heshima tu, Warfa. Simu za wazee zinapita kwanza. Ya kwako ndiyo ya kwanza."

"Na hii ya msichana?"

"Ya mwisho," nikasema.

Warfa aligeuka polepole. "Leo simu ya yule msichana ni mdomo ya Billow. Umeweka mimi mbele ya Billow?"

"Billow hayuko hapa," Kadar alisema. "Simu yake haimo kwenye mashine, ningemweka vipi?"

"Mimi ni ndogo yake!" Sauti ya Warfa ilipanda mpaka wanaume kwenye mikeka wakageuka. "Toka nizaliwe sijaweka mkono kwa sahani kabla yake. Hata akiwa safari, chakula chake tunatoa kwanza. Wewe unajua, Kadar, umekula hapa. Sasa ameenda kukatwa shingo, na mimi nimekaa mbele yake, na hata sijaambiwa!"

Kadar akajifanya kutazama masufuria. Sikumhurumia wakati ule. Sasa namhurumia kidogo.

"Nitoe huko," Warfa aliniambia.

"Nikikutoa wewe, nitawatoa wazee wote. Mpango ni mmoja."

"Toa. Mtu akiuliza, mwambie ni Warfa."

Sikungoja Kadar aitikie. Nilipiga magoti pale pale langoni, laptopu juu ya gunia la mkaa, nikazifuta zile safu zote za wakubwa na wadogo. Nikaacha kikomo kimoja cha kupandisha, na ndani yake nikaweka foleni inayompa kila mwenye mazungumzo zamu yake. Mwenye kipande kidogo cha kutuma anapita upesi aende zake, mwenye shehena anakatiwa kidogo kidogo, na asiyekuwa na ndevu ni sawa na aliyenazo. Ni amri fupi. Nimeiandika mara nyingi nikiwa nakunywa chai. Siku hiyo niliikosea herufi, nikaifuta, nikaikosea tena, na nyuma ya pazia nilijua kuna mtu amekaa na mikono yenye hina, anangoja ahadi yangu.

Ikakubali. Nikapima mwendo wa kwenda India na kurudi. Kabla ya hapo ungeweza kusema bismillahi yote ndipo jibu lirudi. Sasa lilirudi kabla hujafunga mdomo. Na video za Warfa hazikusimama. Nilimwonyesha ule mstari kwenye simu yake, bado unasogea, taratibu kuliko mwanzo, lakini unasogea. Aliutazama akaitikia kwa kichwa.

"Piga, sheikh," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko inavyompasa mwanamke aliyepiga magoti mbele ya mikeka ya wanaume. Hakuna aliyeniangalia vibaya.

Weris akapokea. Sheikh Mowlid aliinama karibu kabisa na simu. "Billow, unatusikia?"

"Nawasikia."

Ilirudi papo hapo, neno zima. Mtu mmoja kwenye mkeka akasema masha Allah, na wenzake wakamnyamazisha.

Sheikh akasoma kwa Kiarabu, kipande kwa kipande, na Billow akafuata kipande kwa kipande. Sauti yake ilikuwa mbovu, nisidanganye. Ilikwaruza, ilishuka, kuna mahali ilibaki pumzi tu. Lakini kilichokuwepo kilifika chote. Alipomaliza Kiarabu alitaka kusema pia kwa maneno ya nyumbani, ingawa sheikh hakumwomba. "Abdimalik," akasema, "nakuozesha binti yangu Ruweyda, kwa mahari tuliyokubaliana." Abdimalik akajibu "Nimekubali" kwa haraka mno, akakanyaga mwisho wa neno la mkwewe, ikabidi aseme tena vizuri, na watu wakacheka. Kule India pia tulisikia kicheko kidogo, cha koo lenye maumivu.

Vigelegele vikapasuka chumbani. Nilirudi ndani nikamkuta Ruweyda hapigi vigelegele wala hacheki. Alikuwa analia mdomo wazi kama mtoto. Nilimkumbatia nikalia naye, na hina yake ikaniharibia gauni la dirac nililoazima, na sikujali.

Kwa kawaida hapo ndipo simu hukatwa, watu wakaendea nyama. Lakini Billow alisema, "Nipeni mtoto." Simu ikaletwa ndani, Warfa akaisindikiza hadi kwenye pazia, akakaa chini upande wake wa nje, mgongo ukutani.

Nilitegemea wosia. Mtu aliyebakiza jioni moja ya sauti, nilidhani ataitumia kwa mambo makubwa, dini, ndoa, subira. Billow hakuuliza jambo kubwa hata moja. Aliuliza kama Ruweyda amekula. Aliuliza ni nani anayepika nyama, akaambiwa, akasema huyo ataiunguza. Aliuliza kama mbuzi wa jirani bado wanaingia uani, na akamtaka Warfa ajibu mwenyewe, na Warfa akajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba ndiyo, wanaingia, na jana walikula mkeka. Kila swali lilimchukua nguvu. Tulimsikia anavyovuta pumzi kabla ya kuliuliza.

"Pumzisha koo, Billow," Weris alimwambia. "Daktari amesema."

"Litapumzika kesho," akasema.

Weris hakumkataza tena. Mimi nilikuwa na kioo cha laptopu mbele yangu, naziona video za Warfa zinapanda, na katikati yake maneno yetu, moja moja, hayazuiwi na kitu. Sikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Billow akauliza kama mvua imenyesha. Ruweyda akamwambia bado, kuna mawingu tu upande wa vilima, na upepo ulikuja Jumatatu ukaondoka. Akauliza habari za kisima, na za mtoto wa fulani aliyevunjika mguu. Sauti ilikuwa imekuwa ndogo sana sasa, Ruweyda ameikandamiza simu sikioni na sisi wengine tumejikusanya kichwa kwa kichwa.

Halafu akauliza tena kama mvua imenyesha.

Hakuna aliyemwambia kwamba ameshauliza. Ruweyda alijipangusa uso, akaweka mdomo karibu na simu, akaanza kumweleza upya, polepole, kuanzia mawingu.